Kituo cha Sita

Tangu Jumatano ya Majivu hakuna aliyemwamkia Bibi Bernadina. Sungusungu wa kijiji walikuwa wamemtenga. Atakayemsalimu, atakayeingia uani kwake, atakayemuuzia kitu au kumpa hata kaa la moto, atatoa ng'ombe. Asiye na ng'ombe atatengwa naye.

Chanzo kilikuwa duara moja, shimo la wachimba dhahabu, ng'ambo ya mto. Mvua zililoanisha udongo, magogo ya kuzuia kuta yakaachia, shimo likawafunika vijana wawili. Mganga akapasua kuku, akatazama ndani, akasema mwenye kosa ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Upande huu wa Bukombe bibi wengi wamepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote, moshi ukawatia macho wekundu, lakini kidole kilimwangukia mmoja tu, mjane asiye na mtoto wa kumtetea.

Na kila mtu alijua kuwa baada ya kutengwa huja panga.

Anisia alilijua hilo hata usingizini. Yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, na Bibi Bernadina ndiye aliyemsimamia ubatizo alipokuwa msichana, akaukinga mshumaa wake kwa kiganja usizimike. Majuma yote hayo alipita njia ya nyuma kwenda kisimani, asiione nyumba ya bibi huyo.

Lakini Ijumaa ya Njia ya Msalaba haina njia ya nyuma. Kila Kwaresima, Ijumaa moja, jumuiya huenda nyumba kwa nyumba, kila mlango kituo chake, na kituo cha sita tangu zamani ni kwa Bibi Bernadina.

"Mama Agapiti, kituo cha sita unakifanyaje?" Zipora, jirani yake, alimnong'oneza Anisia walipokuwa wakijipanga.

"Tutaona tukifika."

"Tutaona? Mimi nina watoto, dada. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake."

Nyuma yao alisimama Mihayo, kamanda wa sungusungu, filimbi ikining'inia shingoni.

"Kumbe leo kamanda umekuja kusali!" alisema Melania, mzee ambaye ulimi wake haukuogopa mtu.

"Nimekuja kusikia nani anamsalimu nani."

Melania akanyamaza. Hapo ndipo Anisia alipoogopa kweli.

Wakaimba, wakapiga magoti kwenye tope, wakasimama. Simoni wa Kirene akasaidia kubeba msalaba. Kisha wakafika.

Ua ulikuwa umefagiwa. Msalaba wa vijiti umefungwa majani mabichi, umechomekwa langoni. Bibi Bernadina alikuwa amepiga magoti uani, kanga imemfunika hadi usoni, anasubiri. Anisia alifungua mdomo. Aliisikia filimbi ya Mihayo ikigonga kifungo cha shati lake, ti, ti, ti.

"Kituo cha saba," akasema. "Yesu anaanguka mara ya pili."

Hakuna aliyemsahihisha, hata Melania anayemsahihisha padre. Watu waliongeza mwendo, vichwa chini. Anisia naye akakaza mwendo, na mguu wake ukateleza kwenye udongo wa mfinyanzi. Akaanguka kifudifudi palepale mbele ya lango.

"Kituo cha saba kweli," mtu akasema, akacheka peke yake.

Hakuna aliyemwinua. Lango lilikuwa karibu mno. Tope limemjaa usoni, Anisia alisikia nyayo zikitoka uani, taratibu, na watu wakirudi nyuma. Mkono mkavu ukamshika kidevu, ncha ya kanga ikaanza kumfuta.

"Tulia. Mchanga utakuingia machoni."

Alipofumbua macho, uso wa yule mzee ulikuwa karibu na wake. Anisia akatazama, akatazama tena. Macho yale yalikuwa meupe, wekundu wote umekwisha.

"Shikamoo, mama." Lilimtoka lenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Sasa umejitafutia."

Mihayo alikwisha kuipeleka filimbi mdomoni. Anisia akamrudisha mzee uani, akasimama kati ya lango na watu.

"Kamanda, kabla hujapuliza, njoo umtazame macho. Mganga si alisema mekundu? Njoo!"

"Usinichezee, mama."

Anisia akamgeukia bibi. "Mama, umekula nini siku zote hizi?"

"Matobolwa, vile viazi vya kukausha, na karanga," akajibu Bibi Bernadina. "Rhoda wa dukani hakuniuzia kiberiti. Sina moto, moshi nitautoa wapi?"

Mihayo alivuka lango, akainama, akamtazama yule mzee jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Filimbi ilimtoka mdomoni.

"Kamanda," Melania akaita kutoka barabarani, "umeshaingia uani. Ng'ombe wako atakuwa dume au jike?"

Kicheko kikatoka, kifupi, chenye woga.

"Sijasema ameachiwa," Mihayo alifoka. "Nitaongea na wenzangu." Akaondoka bila kumtazama mtu.

Anisia akarudi kwenye msalaba wa vijiti. "Kituo cha sita. Veronika anapangusa uso wa Yesu." Mwanzoni aliitikia Bibi Bernadina peke yake. Kisha Melania. Kisha Zipora, akiwa bado barabarani, mkono juu ya mdomo.

Jua likiwa linaelekea kuzama, Anisia alitoa kaa jikoni kwake, akaliweka juu ya kigae, akalifunika majivu lisife njiani. Alipita barabara kuu. Kila aliyekutana naye aligeuza uso. Kwa Bibi Bernadina alipangua majivu, na chini yake kaa lilikuwa bado linapumua. Akapuliza mpaka kuni mbichi zikashika na moshi ukawafunika wote wawili.

"Kesho macho yatakuwa mekundu tena," alisema Bibi Bernadina.

"Najua, mama."

Akaendelea kupuliza.

Aliporudi, Mihayo alikuwa njia panda. Anisia alitaka kujivutia kanga usoni, kisha akaiacha ishuke mabegani.

"Habari za jioni, kamanda?"

Hakujibu. Alimtazama usoni. "Macho yako mekundu, Mama Agapiti."

"Ni moshi."

Mihayo alishika filimbi, akaizungusha vidoleni. Anisia hakuondoka.

"Ndiyo," akasema Mihayo mwishoni, polepole. "Hata mama yangu, moshi humfanya hivyohivyo." Akampisha njia. "Salama, Mama Agapiti. Habari za jioni ni salama."