Mwaka Mbegu Zilipoliwa

Vumbi jekundu lilitangulia. Kila aliyekuja Kasungwe kutoka mjini Élisabethville alionekana kwanza kama vumbi, kisha kama kofia, kisha kama mtu.

Kijiji kilikuwa nyumba kumi na mbili, kanisa la matofali mabichi, kijito, mashamba. Waliokijenga walikuwa wanaume wa reli. Kandarasi ilipokwisha hawakurudi kwao kaskazini. Waliomba ardhi kwa mapadri, wakapewa, pamoja na rozari. Mahindi na sala, sala na mahindi. Kengele ilipolia waliinama kuomba, iliponyamaza waliinama kulima, na mgongo ulikuwa ule ule.

Katekista wao, Anaclet Mwenze, alifariki mwaka wa 1929. Padri alifika mara mbili tu kwa mwaka, basi mjane wake, Marceline, akashika kitabu cha sala, akashika na ufunguo wa ghala la mbegu. Hakuna aliyemchagua. Hakuna aliyemkataza.

Mwaka wa 1931 kazi ilikauka mjini. Mwezi wa kumi vumbi likaja refu kuliko kawaida: watu arobaini walioachishwa kazi, wamebeba masufuria na mikeka, wakirudi kwao Pweto kwa miguu. Watoto wao walikuwa na njala na hawakulia. Marceline aliwatazama, akaogopa ule ukimya, akachukua ufunguo.

Donat Kapya, wa kwanza kulima pale, alisimama mlangoni mwa ghala.

"Mama, hii mbegu haiko ya kula. Mvua iko karibu. Tutapanda nini?"

"Baba Donat, bale batoto tutabaangalia na macho gani?"

"Na batoto betu?"

 Marceline alijua Donat anasema kweli, lakini akatia ufunguo kwenye kufuli. Donat akasogea pembeni. Tangu siku ile aliketi benchi la nyuma kanisani.

Wanawake walitwanga siku tatu. Wageni walikula, wakalala kanisani. Wengi wakaendelea na safari. Familia saba hazikuwa na miguu ya kuendelea.

Kisha mvua. Mvua nzuri, mvua ya kuumiza: udongo laini, mikono mitupu.

Mwaba, mmoja wa wageni waliobaki, akasema, "Muhogo hauombe mbegu. Unaomba kijiti tu." Akaenda na Marceline vijiji vya ng'ambo ya kijito, wakaomba vijiti vya mihogo iliyokwisha kuvunwa, wakarudi na mizigo kichwani. Wenyeji na wageni wakavikata, wakavizika ardhini, mstari kwa mstari.

Mihogo haina haraka. Walikula uyoga, walikula vinkubala, viwavi walivyookota mitini, walikula mboga za porini. Kaburi moja lilichimbwa, la mama yake Donat. Donat hakusema kwamba ni njala. Marceline hakusema kwamba ni uzee.

Padri alifika Pasaka. Aliyatazama mashamba, akauliza mbele ya wote mahindi yako wapi.

Marceline alisimama. "Tulikula mbegu yote, mon père. Ni mimi nilifungua ghala."

  Kisha benchi la nyuma likalia, na Donat Kapya akainuka, kofia mkononi.

"Siye bote tulifungua, mon père."

Akaketi palipokuwa karibu, kwenye benchi la watoto wa Mwaba, nao wakasogea kumpa nafasi. Nje, sombe, majani ya mihogo, ilikuwa imefika magotini, na ilitosha kuchumwa.