Madamu wa Zamu ya Mchana

Mama mkwe alipofariki, chumba cha nyuma kilibaki na kitanda kitupu na harufu ya dawa ya kuchua. Mkwewe, mjane aliyekuwa akimwosha, kumlisha na kumgeuza ubavu tangu kiharusi kilipomlaza, alipokea pole za watu mpaka matanga yakaisha, wageni wakatawanyika na nyumba ikapoa. Hapo ndipo alipojikuta ni mtu mzima, ana nguvu zake, na hajawahi kuajiriwa hata siku moja. Aliolewa akiwa msichana mdogo. Mume, dereva wa malori, hakutaka hata kusikia habari za mke kwenda kazini, na mume alipofariki, ugonjwa wa mama mkwe ukamfunga mikono. Nyumba iliendeshwa na binti wa pekee wa mjane huyo, msimamizi wa zamu ya mchana katika kiwanda cha mikate, na binti hakuwahi kunung'unika.

"Pumzika, Mama," alimwambia. "Umehangaika vya kutosha."

Mama alipumzika mpaka akachoka. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akapika mapema mno, akakaa kungoja jioni ifike. Mwishowe akavaa viatu vyake vya kutokea na kuanza kutafuta kazi, kiguu na njia. Hotelini walitaka mtu aliyezoea mashine zao za kufulia. Shuleni walitaka mpishi mwenye cheti. Kwenye zahanati moja, kijana wa mapokezi alimuuliza kwa adabu mahali pa mwisho alipofanya kazi.

"Kwa mama mkwe," akajibu.

Kijana akauliza mama mkwe huyo alikuwa na biashara gani. Mama alipomweleza, kijana akainamisha macho na kusema watampigia simu. Hawakumpigia.

Aliporudi siku hiyo alimwambia binti yake amtafutie nafasi kiwandani. Binti akamweleza kwamba haiwezekani. Meneja wake hakutaka ndugu wafanye kazi pamoja. Mtunza ghala mmoja aliwahi kujaza wapwa na mashemeji mpaka ghala likawa kama ukumbi wa harusi, na tangu hapo jambo hilo lilipigwa marufuku. Lakini mama alimtazama kwa namna ambayo haikuacha mlango wa kutokea. Binti akaenda kwa meneja kumwombea nafasi, akasema ni jirani yao, mchapakazi, hana makuu.

"Mimi kukuita Mama si tatizo," alimwonya usiku wa kuamkia kazi. "Kila mtu mzima pale anaitwa mama. Shida ni wewe. Ukiniita mwanangu, tumekwisha."

"Nikuiteje?"

"Wote wananiita Madamu."

Mama akalijaribu neno hilo mdomoni, akacheka peke yake. Binti hakucheka.

Walianza kutoka nyumbani kwa kupishana, mmoja akitangulia kama watu waliogombana. Kiwandani mama alipewa kofia ya wavu na koti jeupe lililomfika magotini, akapangwa kwenye meza ya kufungasha. Mikate ilitoka kwenye oveni, ikapozwa kwenye rafu ndefu, ikapita mashine ya kukata, ndipo ikaingia mifukoni. Wenzake walifungasha huku wakipiga soga bila kutazama mikono yao. Yeye alitazama kila mfuko, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

Binti alipita nyuma yake mara kwa mara. Nyumbani huyu ni mtoto aliyekuwa hawezi kulala bila kupapaswa mgongo. Hapa alitembea na kalamu sikioni na sauti kavu. "Mama, ongeza mwendo," alisema mbele ya watu, na mama akajibu, "Sawa, Madamu," bila kuinua macho. Jioni walikula pamoja na kuzungumzia mambo mengine.

Siku moja mashine ya kukata ilisimama. Fundi alipoitengeneza, mikate ilikuwa imerundikana, magari ya kusambaza yanapiga honi nje, na kila mtu akafanya kazi mbio mbio. Mama, aliyekwisha kusikia mara nyingi kwamba yeye ni mzito, aliona rafu ya mwisho, iliyotoka punde kwenye oveni, haina mtu. Akaivuta, akaipitisha mikate yote kwenye mashine na kuifungasha, kwa kasi ambayo mwenyewe aliishangaa. Mikate hiyo ilikuwa bado ina joto ndani. Mvuke ukajaa mifukoni, na baada ya muda mfupi maduka yakarudisha mikate imeota ukungu.

Meneja aliwakusanya wote mbele ya rafu na kuuliza nani amefungasha mikate ya moto. Binti akasema kosa ni la zamu nzima, na zamu ni yake, basi aandikiwe onyo yeye.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilitaka nionekane nina haraka kama wenzangu. Madamu hakuwapo."

Meneja akamtazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akamgeukia msimamizi. "Huyu mgeni ameletwa na nani?"

"Na mimi."

"Jirani yako," meneja akakumbuka.

Binti akatoa kalamu sikioni. "Si jirani. Ni mama yangu mzazi. Nilikudanganya."

Wanawake wa mezani wakatazamana. Meneja akawaita wote wawili ofisini na kuwaacha wasimame. Alisema angeweza kuwafukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Akasema pia kwamba msimamizi mzuri hapatikani kirahisi, na mtu anayekiri kosa bila kubanwa ni adimu zaidi. Binti alipewa barua ya onyo. Mama alihamishiwa zamu ya alfajiri, upande wa kukanda unga, asiwe chini ya mwanawe.

Huko mkubwa alikuwa mwanamume mpana aliyeitwa Tingatinga. Hakuwa mtu wa maneno. Alimshika mama mkono, akauzamisha kwenye donge la unga ili ajue likiwa tayari linakuwaje, kisha akamwacha. Kwa siku kadhaa mabega yalimuuma hata akashindwa kuinua kanga begani. Aliwahi kuzidisha chumvi, akasemwa, akaanza donge upya. Baadaye mikono ikaanza kujua yenyewe.

Mama na binti walipungua kuonana. Mmoja alitoka mwingine akiwa usingizini. Siku yao ya mapumziko ilipoangukia pamoja, wote wawili waliamka jua limekwisha kuwa kali. Binti akaingia jikoni akipiga miayo, akafunua sufuria moja baada ya nyingine.

"Hujapika?"

"Sijapika," mama akasema. "Nilichoka."

Binti akatafuta kiporo, akakipasha moto, wakakila wakiwa wamesimama, kila mmoja na kijiko chake.