Mke wa Kuandikwa

Ruqaiya alipanda basi la Kilifi na buibui jipya, na mimi nikajua limetoka wapi. Baba Mahadhi ni mume wetu sote wawili, na kwa kawaida hupima sawasawa: akileta tafi wawili kwangu, wawili huenda kwake, leso yangu na leso yake hutoka duka moja siku moja. Mimi ndiye mke mkubwa, lakini kila nikiparua samaki wangu hujiuliza kama wa mwenzangu si wanene zaidi. Buibui mimi sikuletewa. Nikageuza uso dirishani mpaka tukaipita Malindi.

Tulikuwa tunakwenda kutoa maoni. Kulikuwa na mswada wa kuifuta sheria ya zamani ya bima ya afya ya taifa na kuweka nyingine, na wananchi waliitwa kwenye ukumbi mjini Kilifi waseme wanavyoona. Kwetu Mambrui hakuna aliyeusoma mswada wenyewe, ila uvumi ulishamfikia kila mtu: ati sheria mpya itamkubali mke mmoja tu kwa kila mume. Nyumba zenye wake wenza zilichemka.

Mimi nina uvimbe kwenye tezi ya shingo, na daktari ameshasema lazima nipasuliwe. Ruqaiya ana mimba ya kwanza. Mwanamume wa makamo akiambiwa achague kati ya shingo na mimba, nani hajui atamwandika nani kwenye kadi ya bima? Nilipomwuliza, Baba Mahadhi alinijibu, "Uvumi tu huo, mama Mahadhi. Na huko Kilifi msende, hakuna la maana. Mtapigwa na joto bure."

Alikazania mno kwamba tusiende. Nikasema moyoni, ahaa, anaogopa nitamwaibisha kipenzi chake. Basi nikaapa nitakwenda hata kwa miguu. Ruqaiya aliposikia naenda, naye akajifunga kibwebwe. Bwana kuona hatuzuiliki, akapanda basi lilelile, akakaa mbele kabisa, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi.

Ukumbini wanaume walikaa upande wao na sisi upande wetu. Mzee Nzai, mkulima wa bara, aliuliza mtu anayevuna kwa msimu atalipaje kila mwezi. Mwalimu Damaris akauliza kadi mpya itamtibu nani ikiwa zahanati yao haina hata dawa ya homa. Watu wakapiga makofi. Kisha nani anyanyuke? Ruqaiya!

"Assalamu alaykum," akaanza, kwa ile sauti yake ya kwao Shella, iliyopakwa asali. "Mimi ni mama mtarajiwa. Naomba sheria hiyo mpya itutangulize sisi wajawazito."

Makofi yakavuma. Afisa aliyekuwa akiandika maoni akamtabasamia. Hata wanawake wa Mambrui, waliokula pilau yangu Idi iliyopita, walimpigia makofi. Nilihisi kifua kinawaka. Nilimwonea wivu kwa mimba yake, buibui lake, na sauti yake. Nikasimama kabla hajakaa, nikampokonya kipaza sauti.

Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Tangu nizae nimemwita Baba Mahadhi, kwa jina la mwanetu wa kwanza, na kabla ya hapo nilimwita "yeye". Lakini Ruqaiya alikuwa amewaacha watu wakidhani mume ni wake peke yake. Nikataka ukumbi mzima ujue ni wa nani.

"Naitwa Batuli," nikasema. "Mimi ni mke wa kwanza wa Twahir Athmani wa Mambrui, fundi wa mafriji. Huyu aliyesema ni mke wa pili. Pendekezo langu ni hili: kama sheria inataka mke mmoja, iseme wazi kwamba aandikwe aliyeolewa mwanzo. Wengine waliomkuta mtu na nyumba yake wajitafutie."

Makofi niliyapata, tena na vigelegele. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja wa safu ya nyuma, amejifunga leso kiunoni. Alipomaliza akaomba nafasi.

"Mimi naitwa Sidi Kalama, wa hapa Kibarani," akasema kwa upole. "Dada, huyo Twahir Athmani fundi wa mafriji, ana kovu la moto mkono wa kushoto?"

Nikaitikia kwa kichwa kabla sijafikiri.

"Basi ndiye aliyenioa. Nilisilimu kwa ajili yake, tukafungishwa ndoa hapa hapa Kilifi, babangu akapokea mahari. Akaniaga anakwenda Mambrui kwa mara ya kwanza, kutafuta kazi. Talaka sijaletewa hadi leo. Naunga mkono maneno ya dada. Aandikwe aliyeolewa mwanzo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilimtazama Sidi tangu leso mpaka usoni. Shingo yake ilikuwa nyembamba, haina uvimbe wowote. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipima samaki wa Ruqaiya.

"Mama Batuli," afisa akaniuliza, kalamu mkononi, "pendekezo tuliandike hivyo hivyo?"

Kama ningenyamaza, ningekuwa nimejifungia mlango wa hospitali kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Futa," nikasema. "Andika wake wote."

Ruqaiya alikuwa amenisogelea, ameshika pembe ya buibui langu kama mtoto sokoni. Akaninong'oneza, "Da Batuli, wote ni wangapi?"

Nikageuka upande wa wanaume nimwulize Twahir. Kiti chake kilikuwa kitupu.