Mume Wangu Anajengewa Uwezo

Mume wangu ni fundi seremala, na tangu mradi wa wafadhili uingie mtaani kwetu, anajengewa uwezo. Kila wiki anajengewa. Huo uwezo ungekuwa nyumba, saa hizi tungekuwa ghorofa ya tatu tunawapungia watu mkono. Lakini huku chini karakana imefungwa, msumeno umeota kutu, na kuku wangu anatagia kwenye maranda.

Mwanzoni sikukataa, jamani. Waliokuja walikuwa watu wema kweli, wametoka mbali, wanataka mafundi wasonge mbele. Nani akatae kusonga mbele? Ila mafunzo ni mchana, na wateja nao huja mchana. Mteja hakungoji umalize kujifunza namna ya kumpata. Mwenye jengo alishaanza kuikodolea macho karakana yetu, eti pangefaa saluni.

Basi siku hiyo nafagia kibarazani, mara nani huyo? Mwalimu mkuu wa shule ya pale juu, mama mzima na futi kamba mkononi.

"Mama, fundi yupo? Nataka viti vya shule. Watoto wanakaa chini."

Moyo ulinipiga paa! Viti vya shule nzima ni kazi ya mwaka. Ni karakana kubaki yetu. "Yupo, Mwalimu, yupo hapo tu," nikasema, nikamshika mkono kabisa asije akanitoroka, tukaenda mpaka ukumbini kwenye mafunzo.

Tulimkuta mume wangu mbele za watu, anaigiza. Naapa. Yeye kafanywa fundi, mshona viatu wa mtaa wa pili kafanywa mteja, na mwezeshaji wa mradi, kijana mtanashati mwenye tai, anasimamia.

"Mteja amefika," anasema mwezeshaji. "Fundi, unafanyaje?"

"Namkaribisha kwa tabasamu," anajibu mume wangu, meno yote nje.

"Baba watoto!" nikaita kutoka mlangoni. "Mteja huyu hapa, wa kweli! Mkaribishe!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwezeshaji akainua kidole. "Mama, maswali mwishoni."

Na yule bwana, mume wangu wa ndoa, akanifanyia ishara ya mkono: subiri kidogo. Ngojangoja huumiza matumbo, na langu lilishaanza. Nilitamani ardhi ipasuke, ila immeze yeye.

Mwalimu, kwa ustaarabu wake, akaketi kusubiri. Kiti chenyewe cha plastiki. Ukumbi mzima wa mafundi, maseremala wamo, umejaa viti vya plastiki vilivyokuja na mradi kutoka hukohuko mbali. Akajiegemeza. Akainuka, akakigeuza miguu juu, akakibonyeza. Mimi namtazama tu.

"Viti vyepesi hivi," akamwambia mwezeshaji. "Mafunzo yakiisha mnavipeleka wapi?"

Yule kijana alifurahi mpaka tai ikapinda. Akatangaza palepale kwamba wafadhili hawawezi kuona watoto wanakaa chini, kwa hiyo viti vyote ni vya shule, bure. Makofi! Mume wangu naye akapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote, mpaka macho yake yalipoangukia ile futi kamba. Mikono ikabaki hewani.

Akanisogelea. "Kwani Mwalimu alikuwa anataka nini?" akaninong'oneza.

"Maswali mwishoni," nikamjibu.

Siku ya kufunga mafunzo alipewa cheti cha mbinu za kupata wateja, kikubwa, kina muhuri. Nilikasirika, nikacheka, halafu nikalia, maana watu wa saluni walishaleta vioo vyao kibarazani. Asubuhi yake nikasikia randa inalia karakanani. Moyo ukaniruka: amepata kazi! Nikatupa ufagio, nikakimbia.

Kuku kafukuzwa, maranda yanaruka, mume wangu anatokwa jasho. Alikuwa anatengeneza fremu ya cheti.