Sabuni ya Mwanya

Barua ilikuja kwa jina la dada yangu, wiki tatu baada ya mazishi yake. Niliipokea kama ninavyopokea kila kitu siku hizi, kwa mkono tu, mwenyewe sipo. Nikaiweka juu ya debe la mafuta. Binti yake ndiye aliyeifungua.

"Mama mdogo, unajua hii ni nini?"

"Karatasi."

"Ni usajili wa jina la sabuni. Miaka kumi inaisha Ijumaa. Tusipouhuisha, jina linafutwa, na yule fundi sabuni wa mtaa wa pili atalidaka."

Angelidaka kweli. Hata msibani aliniuliza, huku ameshika kikombe cha chai yetu, kama tutaendelea kupika.

Sabuni yetu inaitwa Mwanya. Ndivyo tulivyomwita dada tangu utotoni, kwa ajili ya meno yake ya mbele, na kwenye karatasi ya kufungia amechorwa anacheka. Pembeni ya jina, juu kidogo, kuna herufi R ndogo ndani ya duara. Miaka yote nilidhani ni pambo la mchapishaji. Juzi nilipoagiza karatasi mpya nikamwambia akitoe hicho kiduara, kinafanana na nzi aliyenasa. Akakitoa. Karatasi elfu mbili, hakuna nzi.

Kumbe dada alikwenda kusajili. Siku hiyo aliniaga kwamba anakwenda kupimwa macho, lakini alijipamba mno kwa mtu wa macho. Nikajua ana bwana. Nilimtania mwaka mzima, naye akinichekea tu. Angenieleza ukweli ningemwambia ana wazimu, sabuni ya kuoshea masufuria inasajiliwa ya nini?

Alhamisi nikaenda mwenyewe ofisi ya usajili. Sabuni ilikuwa motoni, na ikiwa motoni haiachwi, kwa hiyo binti alibaki na mwiko.

Kwenye dirisha la tatu palikuwa na karani mwanamke, miwani imening'inia shingoni. Akasoma barua.

"Mwenye alama hii ya biashara ndiwe?"

Sijui jibu lilitoka wapi. "Ndimi."

Akatazama mchoro kwenye kompyuta, akanitazama mimi. "Na mwanya uko wapi, bibi?"

Nikafungua kinywa. Mbele sina jino hata moja. "Umepanuka, mwanangu."

Akacheka mpaka akafuta macho. Foleni nzima nyuma yangu ikacheka. Mimi nilikisikia kicheko chao kama redio ya nyumba ya pili.

Nikamwonyesha karatasi mpya. Akauliza kiduara kimekwenda wapi.

"Nilikitoa. Nimevunja sheria?"

"Hapana. Kukitoa si kosa. Kosa ni kukiweka wakati hujasajili. Kinawaambia watu kwamba jina hili limeandikishwa, lina mwenyewe kisheria, asiliguse mwingine. Usajili ukifa, nacho lazima kitoke."

"Na mwenyewe akifa?"

Kalamu yake ikasimama. "Bibi, mwenyewe ni nani?"

"Dada yangu."

Hakunigombeza, ingawa ningependa anigombeze. Alisema leo tutahuisha kwa jina lake lilelile, ili Ijumaa lisifutwe, halafu binti yake alete cheti cha kifo ahamishiwe. Akasukuma fomu. Palikuwa na mstari mmoja tu wa kujaza: hali ya mwenye alama.

Wiki tatu nilikuwa nawaambia wateja kwamba hayupo. Wengine walidhani amesafiri, nami sikuwasahihisha.

Nikaandika: amefariki. Herufi zangu za darasa la nne, kubwakubwa, zikatoka nje ya mstari.

Karani akasoma, akagonga muhuri, akasema jina liko salama. Nikamwuliza kama naweza kukaa kidogo. Akanionyesha benchi la ukutani. Nikakaa hapo, mikono mapajani, mpaka walipofunga madirisha.