Kona ya Nne ya Msingi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko tena kwenye ile semina ya uwekezaji wa ardhi na majengo, katika ukumbi wa harusi pale Tabata. Viti vilikuwa bado vimevalishwa vitambaa vyeupe na riboni za bibi harusi wa juzi. Mwalimu alikuwa futi kamba. Alisimama wima jukwaani, wa njano, na hakuna aliyeshangaa kwa kuwa kiingilio kilikuwa kimeshalipwa.

"Kosa la anayeanza," alisema, "ni kutafuta kiwanja kabla ya kutafuta timu. Jenga timu kwanza. Nyumba itasimama juu yake."

Nikaandika. Mimi ni mtu wa kuandika. Miaka kumi na tisa naandika mizigo ya watu ghalani, sijawahi kuandika kitu changu.

"Na mtaji, mwalimu?"

"Anza na kilichoko nyumbani."

Nyumbani kwetu ni Rombo. Kuna kihamba, shamba la ukoo, alichoacha baba: migomba, kahawa, makaburi mawili, na mdogo wangu Ndekirwa. Yeye ni kitinda mimba, na mila yetu inataka wa mwisho abaki na boma. Mimi nikasomeshwa, yeye akabaki na ng'ombe. Mnunuzi nimeshampata. Inakosekana sahihi ya Ndekirwa kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo, kikao ambacho, niseme ukweli, hakijawahi kukaa. Yeye nimemwambia ni karatasi za kuombea hati, ili wajanja wa mjini wasije wakamnyang'anya kihamba.

Nafunua ukurasa wa pili wa daftari, na ukumbi umekwisha kuwa kihamba. Viti vya harusi vimekaa katikati ya migomba. Baina ya kaburi la baba na la mama umechimbwa mtaro wa msingi, umenyooka vizuri sana.

Timu imeshafika. Dalali ni jogoo mwenye mkoba, anadai wateja wengine watatu wako njiani. Mwanasheria ni muhuri wa mpira. Anatembea kwa kuruka, na kila anapotua linabaki neno IMETHIBITISHWA. Ameshathibitisha mgomba, jiwe la mafiga na kinyesi cha ng'ombe. Mpimaji ni yule yule futi kamba. Fundi peke yake ni mtu, na ndiye aliyechelewa.

"Timu ilale," anasema fundi.

Jogoo analala kona ya kwanza, muhuri ya pili, futi kamba ya tatu. Fundi anawamwagia zege. Hakuna anayelalamika. Jogoo anakumbusha tu asilimia yake ya udalali, mpaka zege linapomfika mdomoni.

"Kona ya nne inabeba uzito wote," anasema fundi. "Hapo analala mtu unayemwamini. Nani?"

Nawapitia wote ninaowafahamu mjini. Kazi hiyo haichukui muda.

"Nilale mwenyewe?"

"Wewe ni mwekezaji. Mwekezaji halali mtaroni." Ananivisha kofia ngumu. "Kama huna unayemwamini, mlete anayekuamini. Zege halijui tofauti."

Hapo Ndekirwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa. Anaiweka chini taratibu isimwagike. Anavua viatu, anavipanga ukingoni mwa mtaro visije vikaharibika.

"Nilale upande gani, kaka?"

Naona aibu, aibu ya kweli. Huyu ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni kuvuka korongo. Ulimi ninao, pumzi ninayo, na neno la kumwambia aondoke ninalijua.

"Ubavu wa kulia," namwambia.

Analala. Mimi nakimbilia mpakani, kwenye masale. Kwetu mmea huu ndio mpaka wa shamba, na ndio msamaha pia. Ukimkosea mtu, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akishalipokea hana budi akusamehe, hata kama moyo wake bado unachemka.

Masale yamesimama mstari mmoja, yananitazama.

"Naomba jani moja," nasema. "La mdogo wangu."

"Umemkosea?" linauliza lililo refu kuliko yote.

"Bado."

"Utamkosea lini?"

"Asubuhi, akishakunywa chai."

Yanatazamana. "Sale hutolewa baada ya kosa," linasema lile refu. "Anayelichuma kabla ya kosa haombi msamaha, huyo amejipanga. Hilo litakuwa jani tu. Kampe mbuzi."

Nalichuma kwa nguvu, nalifunga fundo, narudi mbio. Kona ya nne imeshasawazishwa. Viatu viko pale pale. Fundi anasuuza mwiko kwenye maziwa.

"Huu msingi hautikisiki," ananisifia.

Sauti ya Ndekirwa inatoka chini, haina hata kinyongo. "Kaka, ukimaliza unishtue. Ng'ombe hawajakamuliwa wote."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Ndekirwa, aliyeshuka jana kutoka kwenye basi la Rombo na mkungu wa ndizi begani, alikuwa amekwisha kukunja shuka alilolalia kwenye kochi. Alikuwa amevaa shati la kanisani, anakunywa chai.

Nikahisi kitu kiganjani. Nikafumbua mkono. Lilikuwa jani la sale, bichi, limefungwa fundo. Mtaani kwetu hakuna masale, kuna lami na mitaro ya maji machafu.

"Umekuja na sale?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. "Sale la nini? Kwani kuna mtu amekosewa?"

"Hakuna."

"Haya. Lete hizo karatasi kaka, nisije nikakuchelewesha kazini. Nisaini upande gani?"

Nikamwonyesha. Kulia, chini.

Ndekirwa aliishia darasa la saba na huandika polepole, herufi moja moja. Nikalishika jani mfukoni, nikasubiri amalize jina.