Chupa Sita za Sampuli

Mjukuu aliingia na viatu miguuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akajitupa kwenye kiti cha wateja. Bibi alikuwa akipinda sketi ya shule. Akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Mke mwenzangu, nani kakuudhi?"

"Bibi, wanasema nimedanganya."

Ikabidi aeleze polepole, maana Bibi aliishia darasa la nne na chuo kikuu alikijua kwa kukisikia tu. Huu ulikuwa mwaka wa mwisho wa sayansi ya mazingira, na kila mwanafunzi alitakiwa afanye utafiti wake. Yeye alichagua mto wa bondeni, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Majirani walimcheka mpaka wakachoka, wakambandika jina la Daktari wa Matope. Alichota chupa sita, moja juu ya kiwanda na tano chini yake, akazipeleka maabara. Sasa majibu yametoka: chupa zote sita maji ni yale yale, masafi, ya kunywa.

"Si vizuri basi?" Bibi akauliza, ila sauti ilimtoka nyembamba.

"Vizuri wapi? Mto ule hata mbwa anaunusa akageuza! Mhadhiri anasema niliona uvivu kushuka bondeni, nikajaza maji ya bomba. Alhamisi saa nne naitwa mbele ya kamati. Nikishindwa kujieleza, nafukuzwa. Miaka mitatu yote, kwisha!"

Bibi akarudisha mguu kwenye pedali. Mshono ukaenda upande.

Siku ile aliikumbuka vizuri. Mtoto alitoka mtoni adhuhuri, akazipanga chupa kwenye meza ya kukatia vitambaa. "Bibi, hizi ndizo sampuli zangu za kupeleka chuoni. Nakimbia kutafuta barafu."

Sampuli! Hilo neno Bibi alilijua kuliko mengi. Miaka arobaini sampuli yake ilining'inia mlangoni, gauni moja alilolishona kwa uzi mzuri na kulipiga pasi kila Jumatatu, kwa sababu hapo ndipo mteja anapokupimia. Fundi gani mwenye akili zake atatundika sampuli yenye doa? Chupa zilikuwa za kahawia iliyokolea, kilichomo hakionekani, lakini alifungua kizibo kimoja akachungulia. Uvundo ulimpanda mpaka utosini. Uchafu huu ndio mtoto awapelekee maprofesa? Si watasema kwao hakuna mtu mzima? Akamwaga zote, akazisugua kwa sabuni ya unga, akajaza maji aliyoyachemsha na kuyachuja mwenyewe. Namba ziliandikwa juu ya vizibo. Alivirudishia moja mpaka sita, bila kukosea hata kimoja, na akajisifu kimoyomoyo.

Jumatatu ikapita hakusema. Jumanne akageuza mkono wa blauzi ya mteja, wa kulia akaushona kushoto. Angeweza kunyamaza, ingesemwa watu wa maabara wamechanganya chupa, basi. Lakini Jumatano mchana alimsikia mjukuu chumbani akiongea na simu, akimbembeleza mtu wa maabara atafute tena, atafute vizuri, na yule mtu akamkatia. Bibi akasimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Usimsumbue mtu wa watu. Niliyamwaga mimi."

"Umemwaga nini?"

"Maji yako. Yalikuwa yananuka. Nikakuwekea masafi."

Mjukuu akacheka kama mtu aliyejikwaa kidole, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Kwa nini, Bibi?"

"Si uliniambia sampuli?"

"Sampuli ni kuonyesha kitu kilivyo! Kama kichafu, kionekane kichafu!"

"Sisi mafundi hatufanyi hivyo," Bibi akasema, na papo hapo akatamani asingelisema.

Alhamisi wakaenda wote wawili. Chumba kilikuwa na meza ndefu na watu watatu. Bibi alieleza akiwa amesimama, ingawa alipewa kiti. Mmoja wao akaficha mdomo kwa karatasi; mabega yalimtikisika. Bibi alikiona kicheko hicho, akakimeza. Mhadhiri, mama wa makamo mwenye miwani, hakucheka.

"Mama, uliziosha kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni ya unga. Nikasuuza mara moja tu, maji yalikuwa yananiishia."

Yule mama akafunua karatasi zake, akawaonyesha wenzake mstari mmoja. "Hii hapa. Tulikuta chembe za sabuni, tukashindwa kujua imetoka wapi."

Basi mtoto hakudanganya, hilo likaandikwa. Lakini utafiti haukuwa na majibu. Na mvua zilishaanza, mto umefurika, uchafu wote umesombwa. Angesubiri kiangazi achote upya. Wenzake wangevaa majoho mwezi ujao bila yeye.

Njiani mjukuu alitangulia hatua tatu mbele. Nyumbani, Bibi akalikunja gauni la mahafali alilokuwa ameshalikata, akalitia kwenye droo pamoja na pini zake.

Kiangazi kikaja. Adhuhuri moja mjukuu aliingia na mabuti yake, akazipanga chupa sita kwenye meza ile ile, akaweka karatasi juu yake, akatoka kwenda kutafuta barafu. Tangu siku ile ya kamati alikuwa akisalimia na kujibu, ila ule utani wa mke mwenzangu aliuacha.

Bibi akaivaa miwani, akaisoma karatasi herufi kwa herufi. BIBI USIGUSE.

Angemwambia tu kwa mdomo.

Kizibo kimoja kilikuwa hakijakazwa, uvundo ukaanza kujaa chumbani. Mteja akachungulia mlangoni, akaziba pua, akaahidi kupita kesho. Bibi akavuta kigoda, akakaa karibu na meza, mikono yake miwili akaibana katikati ya magoti, akasubiri barafu.